Nimemrekodi jirani akimimina mchele wa msaada. Niiweke video hadharani?

Shikamoo Ami,

Naandika nikiwa na wiki nzima sijalala vizuri. Mimi ni mwalimu wa chekechea, nakaa Mkomani hapa Lamu kwa mamangu. Nyumba yetu na ya jirani zina kiambaza kimoja, na ukiwa juu darini kwetu unaanika nguo, kiwanda chao chote, yaani ua wa ndani, unakiona mpaka mdomo wa kisima.

Huyu jirani ndiye mwenyekiti wa kamati ya kugawa chakula cha msaada kwa watu wa upande wa bara walioharibikiwa na ukame. Mwezi uliopita watu waliambiwa mchele umekwisha, kila nyumba ikapata kilo mbili na nusu badala ya kumi. Mamangu mdogo anaishi huko. Alikuja hapa na watoto watatu kutuomba unga.

Ijumaa iliyopita baada ya isha nilipanda kuanua nguo. Nikasikia kitu kinaburutwa. Kuangalia, kiwandani mwao mna magunia, nilihesabu 22, yenye yale maandishi mekundu ya kukataza kuuzwa. Vijana wawili wanafumua mshono, wanamimina mchele kwenye magunia meupe yasiyo na maandishi, mmoja anashona upya kwa sindano ya gunia, tochi kaibana kwa meno. Jirani mwenyewe kakalia ndoo iliyopinduliwa, anaandika kwenye daftari. Nikatoa simu nikarekodi.

Video ni ya dakika 11. Magunia yanaonekana dakika nne hivi, kisha vijana wakatoka na punda. Mimi sikuzima. Mkewe akatokea ndani, ametoka kuoga, kajifunga leso kifuani na nywele wazi, kabeba mtoto. Wakaanza kugombana kuhusu mke wa pili, wa Mokowe, ambaye mtaani hakuna aliyejua kama yuko. Maneno aliyoyasema yule mwanamke, Ami, hata mimi niliyemzoea niliona haya. Na bado sikuzima.

Kaka yangu ana ukurasa wa Facebook wa habari za Lamu. Ameitazama yote. Anasema tuiweke kama ilivyo, ni manufaa ya umma, kiongozi hana faragha, na kwamba "ile ya mwisho ndiyo itakayosambaa". Mama kasema nimefanya upelelezi uliokatazwa, akanisomea Sura ya Hujurat, hataki hata kuniona na simu mkononi. Tena kuna kosa jingine. Jumamosi nilituma kipande cha nusu dakika kwenye grupu la chama chetu, wanawake 14, nikidhani ni magunia tu, kumbe mwishoni mkewe anapita.

Jana jirani kamsimamisha kaka mlangoni, kamwambia akiona chochote mtandaoni atatupeleka mahakamani, na simu ataivunja.

Je, kumrekodi mtu nyumbani kwake ni kosa? Tukiiweka anaweza kutushtaki? Na tusipoiweka, mchele ndio umekwenda?

Aliyeanua Nguo,
Mkomani

AMI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nikuambie kwanza, mimi nilikuwa karani wa mahakama Malindi kwa miaka mingi, wakili sikuwa. Nilichojifunza nilikipata kwa kubeba mafaili na kusikiliza. Ukipelekewa barua ya kudaiwa, tafuta wakili.

Kwenye simu yako mna video mbili, ingawa faili ni moja. Ya kwanza inaanza tochi inapowaka na inaisha punda anapotoka. Ya pili inaanza pale mkewe anapotokea na leso. Kaka yako anazitetea zote mbili kwa neno moja, "manufaa ya umma", na mama yako anazilaani zote mbili kwa aya moja. Mimi naona kila mmoja wao ana haki kwenye video moja tu.

Tuanze na Katiba ya 2010. Ibara ya 31 inampa kila mtu haki ya faragha. Inataja nyumba kwa jina, na inasema habari za familia ya mtu na mambo yake ya ndani zisifichuliwe pasipo lazima. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo kesi yako yote. Na usije ukaambiwa kwamba hiyo ni kwa serikali peke yake: Ibara ya 20 inasema Sheria ya Haki inamfunga kila mtu, nawe umo, na kaka yako na ukurasa wake wamo. Kwa upande wa pili Ibara ya 33 inakupa uhuru wa kusema na kutoa habari, lakini humo humo inakutaka uheshimu haki na heshima ya wengine. Kwa hiyo hakuna ibara itakayokuja kuipiga mieleka nyingine ikashinda moja kwa moja. Jaji huziweka kwenye mizani, akauliza: kufichua hiki kulikuwa na lazima gani?

Magunia yana lazima. Ni chakula cha umma, mgawaji ni mtu aliyepewa dhamana, na mama yako mdogo ameomba unga na watoto watatu. Kwamba yamo ndani ya kiwanda cha mtu hakuyafanyi kuwa siri ya familia. Mtu akipeleka mali ya umma chumbani kwake, hawezi tena kuiita mambo ya chumbani.

Lakini mkewe hakuchaguliwa na kamati yoyote. Yeye alikuwa kwake, usiku, ametoka kuoga. Mke wa pili, awepo asiwepo, hajala mchele wa mtu. Na mtoto ndiye kabisa: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data za mtoto, na picha inayomtambulisha ni data zake. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alizipiga faini taasisi kwa mambo madogo kuliko haya yako. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kumweka mteja wake mtandaoni bila kumuuliza. Yule mteja alikuwa ametoka matembezi, mahali pa watu wengi. Sasa mfikirie mtu aliyekuwa kiwandani kwake na leso.

Kaka yako atasema yeye ni mwanahabari. Sawa, tumpe hilo, ingawa ukurasa wa Facebook si chumba cha habari. Kifungu cha 52 cha sheria hiyo hiyo kinawapa nafuu wanaochapisha kwa ajili ya uanahabari, fasihi na sanaa, mradi mchapishaji aamini, kwa sababu za busara, kwamba kuchapisha ni kwa manufaa ya umma. Halafu kinaongeza sharti ambalo wengi hawafiki kulisoma: uonyeshe umefuata kanuni za maadili za kazi hiyo. Na kanuni zilizowekwa chini ya Sheria ya Baraza la Habari ya 2013 zilisema wazi kuwa manufaa ya umma yawe ya haki, yasiwe uchu wa kutazama mambo ya watu. Mwulize kaka yako ile "ndiyo itakayosambaa" inasambazwa na nini. Na ajue pia kwamba hayo maneno aliyokuambia, siku ya kesi, yakitoka mdomoni mwake kizimbani, wakili wa jirani hatahitaji shahidi mwingine.

Nitakupa kesi mbili za Uingereza. Hazizifungi mahakama zetu, lakini majaji wetu huzisoma na mawakili wetu huzitaja.

Ya kwanza ni ya Naomi Campbell, mwanamitindo, ambaye hapa Pwani si mgeni. Mwaka 2021 alitangazwa balozi wa utalii wa Kenya. Miaka ishirini na kitu nyuma alikuwa akiwaambia waandishi kuwa hagusi dawa za kulevya. Mwaka 2001 gazeti la Daily Mirror likaandika kwamba anatumia, na kwamba anahudhuria mikutano ya watu wanaojitibu uraibu, likaweka na picha yake akiwa mlangoni pa mkutano. Barabarani, wazi, mchana. Kesi ikapanda mpaka kwa majaji wa juu kabisa, na mwaka 2004 wakagawanyika watatu kwa wawili. Hata upande wake ulikubali kwamba gazeti lilikuwa na haki ya kusema alidanganya na kwamba anatibiwa. Lakini wale watatu wakasema maelezo ya matibabu yenyewe, pamoja na zile picha, yalivuka mpaka. Habari ilikuwa halali, picha ikaliponza gazeti. Na hiyo ni picha ya njiani.

Ya pili ni ya mwaka 2008, ya Max Mosley, mkubwa wa shirikisho la mbio za magari duniani. Gazeti la News of the World lilimfichia mwanamke kamera nguoni, likamrekodi bwana huyu kwenye sherehe yake ya faragha na wanawake aliowalipa, watu wazima wote. Samahani kwa mfano, lakini ndio unaofaa. Likaiweka video kwenye tovuti. Likajitetea kwamba sherehe ilikuwa ya kuigiza Wanazi, na kwamba umma una haki ya kujua kiongozi wa mchezo mkubwa hivyo anafurahia mambo hayo. Jaji Eady akatafuta huo Unazi kwenye ushahidi, hakuuona. Ulipoanguka huo, manufaa ya umma yakaanguka nao, gazeti likalipa pauni 60,000. Ni mkubwa, ni maarufu, tabia yake wengi wanaichukia, na bado nyumba ilibaki nyumba.

Sasa nirudi kwako darini. Umeuliza kama kurekodi kwenyewe ni kosa. Ulikuwa kwako, umepanda kwa kazi yako, umeona kwa macho kitu kinachofanana na wizi wa mali ya umma, ukakihifadhi. Dakika nne zile wewe ni shahidi. Baada ya punda kutoka, ushahidi ulikwisha ukawa unachungulia. Mama yako akikusomea "wala msipeleleze", zile dakika saba hana jibu utakalompa. Zile nne, mwambie kwa adabu, hukuvunja mlango wa mtu wala hukupita bila hodi. Nyumba zetu za Lamu wazee walizijenga kwa hila: unaingia dakani, kile kibaraza cha mlangoni, unageuka, hujaona ndani bado. Kiambaza kinakuzuia usione. Waliojenga dari walijua jirani anaona, wakategemea haya. Simu haina haya, mwanangu, ndiyo maana lazima uwe nayo wewe.

Kuna jambo watu wa mitandao hulidhani ni dawa, kutia ukungu usoni. Nairobi pengine inafaa. Mkomani? Weka ukungu uso wote, utabaki mlango wa kuchonga ambao kila mtoto wa mtaa anajua ni wa nani, itabaki sauti, itabaki rangi ya leso. Mwanamke huyo atatambuliwa kabla video haijafika nusu. Kwa hiyo kipande chake hakitiwi ukungu. Hakitoki kabisa.

Neno moja kuhusu maandishi. Kaka yako asije akaandika "mwizi". Kosa la jinai la kumkashifu mtu Mahakama Kuu ililifuta mwaka 2017, lakini kesi ya madai ya kashfa ipo na ina gharama. Video yako inaonyesha watu wanahamisha mchele usiku kutoka magunia yenye maandishi kwenda yasiyo na maandishi, na mtu anaandika daftarini. Hicho ndicho mnachokijua. Yalikwenda wapi, kwa bei gani, kwa amri ya nani, hamjui. Lile daftari lingejibu, nalo haliko mikononi mwenu.

Na hapa ndipo nisipokubaliana kabisa na kaka yako. Ukiiweka leo saa nne, saa tano daftari liko jikoni linawaka, na magunia yenye maandishi mekundu yamekuwa mikeka. Mimi nimewaona wengi wakiingia mahakamani na video iliyopita simu kumi, imekatwa, imewekewa muziki, hakuna anayejua nani aliichukua. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka picha ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza ilivyopatikana na chombo kilichotumika. Chombo ni hiyo simu yako. Usiikate video ndani ya simu, hata zile dakika saba unazozionea haya, usizifute sasa. Nakala ya asili ibaki nzima, na mpelelezi ndiye aambiwe wapi pa kusimama. Atakayesema ilipatikana kwa kuvunja faragha, Ibara ya 50 inamwachia jaji apime kama kuipokea kutaharibu haki ya kesi. Haitupwi hivi hivi.

Pa kuipeleka: Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina ofisi Malindi. Sheria ya Kupambana na Ufisadi ya 2003, kifungu cha 65, inamlinda anayetoa habari kwa tume asishtakiwe kwa kutoa habari hizo, mradi hakusema uongo anaoujua. Ulinzi huo hauko Facebook. Tume ikikalia faili miezi na miezi, hapo ndipo mwanahabari mwenye mhariri na wakili nyuma yake anapoweza kupewa dakika nne, amuulize mwenyekiti upande wake kwanza, achapishe. Sikuambii habari ife.

Kuhusu vitisho. Kushtaki anaweza, mlango wa mahakama uko wazi kwa kila mtu, na anaweza pia kulalamika kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inampa siku 90 kumaliza. Kwa magunia sioni atakachokipata. Kuvunja simu ni kosa la jinai, na ni kuharibu ushahidi. Alilisema mbele ya kaka yako, basi kaka aandike leo siku, saa na maneno yenyewe. Hiyo ndiyo kazi nzuri ya mwandishi.

Sasa nusu dakika ya Jumamosi, ambayo mimi inanitisha kuliko kitisho cha jirani. WhatsApp haikuruhusu kufuta kwa wote baada ya siku mbili na nusu hivi, kwa hiyo muda umekupita. Andika kwenye grupu, bila kueleza mengi: nilituma kwa makosa, nawaomba kila mmoja aifute, na aliyemtumia mtu aniambie. Kisha mpigie mmoja mmoja. Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018, kifungu cha 37, inamwadhibu anayesambaza picha ya utupu au ya faragha ya mwilini ya mwingine: faini hadi shilingi 200,000, au kifungo hadi miaka miwili, au vyote. Leso kifuani na nywele wazi inahesabika au haihesabiki? Mawakili wawili wangeweza kubishana hapo siku nzima. Wewe usiwe ndiye wanayebishania.

Halafu uende kwake. Usiende na simu. Nenda na mama yako, baada ya alasiri, wakati mumewe yuko baraza, piga hodi mlangoni kama siku zote. Mwambie nilikupiga picha, ilikuwa makosa, iliwafika wanawake 14, nimewaomba waifute. Magunia usiyataje, hayo si ya kwake, na ukimtajia utamtwika mzigo wa kumficha mumewe au kumsaliti. Atakasirika, na pengine atakufukuza. Kaa kidogo kwanza usikilize, ana haki ya kusema na wewe huna la kujibu. Mke wa pili usimguse, hata akilia akakuuliza ulisikia nini.

Simu yako nunulia kadi mpya ya kumbukumbu, tia nakala moja, mpe mama aiweke kwenye sanduku lake. Ukipata ruhusa shuleni Jumatatu, panda boti ya asubuhi mpaka Mokowe, huko utapata basi la Malindi. Chukua kitambulisho, na karatasi uliyoandika tarehe, saa, idadi ya magunia na mahali uliposimama. Simu isiingie kwa fundi wala isichajiwe dukani kwa mtu, na kaka yako asiiguse hata kwa kupiga.